Msikate Maneno ya Mateka: Barua ya Wazi Kuhusu Rabinal Achí

Kwa Wizara ya Utamaduni na Michezo ya Guatemala. Kwa Manispaa ya Rabinal, Baja Verapaz. Na kwa Sekretarieti ya Mkataba wa 2003 wa Urithi wa Utamaduni Usioshikika, UNESCO, Paris

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. UNESCO wameitengea lugha hii tarehe 7 Julai kuwa siku yake, kwa hiyo hapo Paris hatakosekana wa kuwasomea. Nanyi wa Guatemala mnatawala nchi yenye lugha 22 za Kimaya zinazotambuliwa. Moja ya kigeni haitawashtua. Ombi letu ni moja: Rabinal Achí, mchezo wa ngoma wa mji wa Rabinal, isipunguzwe. Mengine yote yaliyomo humu yanatokana na hilo.

Kwa wasomaji wetu wasioifahamu, Rabinal ni mji wa bondeni katika mkoa wa Baja Verapaz, makao ya Wamaya wa Achi. Ngoma tunayoizungumzia asili yake ni karne ya 15, kabla Mhispania hajakanyaga huko. Jina lake la zamani ni Xajooj Tun, yaani ngoma ya tun, na tun ni ile ngoma inayopigwa. Mswahili hahitaji kufafanuliwa hilo, maana nasi tunaita ngoma kinachopigwa na tunaita ngoma kinachochezwa.

Kisa chake ni kesi. Shujaa wa K'iche', Wamaya wengine, anayeitwa K'iche' Achí, amekamatwa na shujaa wa Rabinal, Rabinal Achí, akafungwa kamba. Anaulizwa atokako, na mashtaka yanatajwa moja baada ya jingine. Kubwa kuliko yote ni kwamba alijaribu kuwaiba watoto wa Rabinal, akiwarubuni watoke kwa kuiga milio ya wanyama wa porini. Kwa sheria ya Wamaya kosa hilo lilikuwa zito mno. Mateka anapelekwa ngomeni Kajyub', mbele ya mfalme Job'Toj. Huko yupo Achij Mun Ixoq Mun, mtumishi mwenye sifa za kiume na za kike kwa pamoja. Yupo Uchuch Q'uq' Uchuch Raxon, mama wa manyoya ya kijani. Na wapo tai 13 na jagwa 13, ndio askari wa ngome. Uwanjani kwa kawaida tai mmoja na jagwa mmoja husimama badala ya wote, na hakuna anayelalamika kwamba jeshi ni dogo.

Sasa tuingie kwenye kiini cha barua. Katika Rabinal Achí mtu hajibu kabla hajarudia alichoambiwa. Mateka akisema maneno marefu, Rabinal Achí huanza kwa kuyarudisha: umesema hivi na hivi, hayo ndiyo maneno yako mbele ya mbingu, mbele ya ardhi. Baada ya hapo ndipo analeta lake. Mateka naye hulirudia hilo kabla ya kujibu. Mchezo mzima umesukwa namna hiyo, kama mkeka: kila ukili unapita juu ya uliotangulia.

Mwongozaji wa jukwaa la kisasa akishika maandishi haya, kalamu yake nyekundu huangukia hapo kwanza. Anaona marudio, anayafuta, na onyesho linabaki fupi na jepesi, la kutosha kuingizwa katika ratiba ya tamasha kati ya bendi na hotuba ya mgeni rasmi. Kwa macho yake amepunguza mafuta. Ukweli ni kwamba amekata mfupa, na hasara zake ni tatu.

Ya kwanza ni ya kisheria. Marudio ndiyo utaratibu wa mahakama yenyewe. Anayeshtaki analazimika kukiri mbele ya wote kwamba amemsikia mshtakiwa, na mshtakiwa vivyo hivyo. Ukiyatoa, mateka anakuwa mtu anayetukanwa na kisha kuuawa. Ukiyaacha, ni mtu aliyesikilizwa neno kwa neno kabla ya hukumu.

Ya pili ni ya kumbukumbu. Mchezaji wa K'iche' Achí ana maneno mengi mno, na hachezi akiwa na karatasi mkononi. Mwenzake akiyarudia maneno yake, kosa linasikika palepale. Akiruka kipande, kipande kinarudi kupitia kinywa cha mwingine. Ukifuta marudio umeondoa kamba ya usalama, na msimu unaofuata mtashangaa kwa nini wachezaji wanasahau.

Ya tatu ni ya masikio. Vinyago ni vya mbao na vinafunika uso, mdomo ukiwemo. Sauti inatoka kama ya mtu aliye chumba cha pili. Neno lililopotea mara ya kwanza hupatikana mara ya pili, likisemwa na mtu mwingine aliyesimama upande mwingine wa uwanja. Waliopanga hivyo zamani walijua wanachokifanya. Na msidhani dawa ni kipaza sauti cha kubana kifuani: kitanasa mkwaruzo wa nguo na pumzi ya mtu anayecheza, huku maneno yakibaki nyuma ya ubao. Kama mnataka mgeni aelewe, mpeni kijitabu cha Kiachi na Kihispania mkononi, mwacheni mchezaji na sauti yake.

Ikiwa lazima liwepo onyesho fupi, kwa ziara ya shule au ya mgeni wa serikali, chukueni kipande kimoja kizima: mateka anasema, Rabinal Achí anarudia na kujibu, mateka anarudia na kujibu. Hicho kipigwe kwa tun yake na baragumu zake, kisha kiishe. Kipande kizima kinatoa ladha ya kitu kizima. Muhtasari wa mchezo mzima hautoi ladha ya chochote.

Tarakimu nazo zina madhara zikiguswa. Karibu na mwisho, baada ya kuomba kinywaji cha mfalme na kucheza na mama wa manyoya ya kijani, mateka anaomba ruhusa ya kwenda kuiaga milima yake na mabonde yake: siku ishirini mara kumi na tatu, usiku ishirini mara kumi na tatu. Hesabu hiyo ni 260, na 260 ni mzunguko kamili wa kalenda takatifu ya Wamaya, ambayo wanaohesabu siku huko nyanda za juu wanaitumia hadi leo. Mtafsiri anayeandika "karibu miezi tisa" amekosea kidogo kwa hesabu na amekosea kabisa kwa maana. Mateka anaomba azungukie siku zote zilizopo, kila jina na kila namba, mara moja, kabla ya kufa. Kisha anaaga na kurudi mwenyewe. Tai na jagwa wanamzunguka, shoka zinainuliwa. Damu haionyeshwi. Aliyeuawa huinuka na wote wanacheza pamoja.

Hapo ndipo watu wa nje hupotea. Huona mnyonge aliyeshindwa, au huona utetezi wa kutoa watu kafara, na pande zote mbili huanza kuomba mwisho ubadilishwe uwe wa "amani". Tunawasihi msikubali. Kwa Waachi wa leo, vinyago vile ni sura za rajawales, mababu waliotangulia. Anayevaa kinyago anakutana na wafu, naye siku moja atakuwa mmoja wao. Mateka anapouawa na kuinuka ili acheze, hapo kuna mafundisho ambayo hayawezi kusahihishwa na kamati.

Ndiyo maana maandalizi hayaanzi kwa mazoezi. Huanza kwa ruhusa: mishumaa, pombe kali ya kumwaga, na uvumba wa pom, ambao Mswahili atautambua kama sandarusi (mti wao si huu wa kwetu, lakini moshi na harufu ni jamaa). Wenye milima wanatajwa na kuombwa, Kajyub' ikiwemo, ambayo magofu yake yako kilimani juu ya mji. Wachezaji hushika miiko, kulala mbali na wenzi wao ikiwa mojawapo. Bajeti ya wizara inayolipia usafiri, fulana na bango lakini haina mstari wa mishumaa na sandarusi imelipia ganda. Mkaguzi wa hesabu akiuliza stakabadhi ya uvumba, jibu ni kwamba muuzaji wa sokoni hatoi stakabadhi. Wekeni fungu dogo linalothibitishwa kwa sahihi ya wazee wa kofradia, vile vyama vya kidini vinavyosimamia sikukuu, jambo liishe.

Sasa vyombo. Ni vitatu tu: tun moja na baragumu mbili. Tun ni gogo lililolazwa, limechimbwa ndani, na juu lina mpasuko unaoacha ndimi mbili za mti. Aliyeona lokole ya Kongo anajua ukoo wake. Ndimi zikichongwa sawa kwa urefu na unene, zitatoa sauti moja na tun itakuwa kisanduku cha kugonga, lazima zitofautiane. Gogo likichongwa bichi na kuanikwa juani, litapasuka kuanzia kwenye pembe za mpasuko, na ufa huo haufungwi kwa gundi. Likauke kivulini, polepole. Baragumu ni za mrija mtupu, hazina vitufe, kwa hiyo zina sauti chache tu. Kuna vishawishi vya kuleta tarumbeta za bendi ya shule kwa sababu zinang'aa na wapigaji wapo. Mpigaji wa bendi akikaa mbele ya watu atatafuta wimbo, na Rabinal Achí haina wimbo wa kutafutwa: ina mlio unaowatembeza wachezaji na kuwanyamazisha wakati wa maneno.

Tunaomba mlipie seti mbili. Moja ya sikukuu, inayokaa kwa wenyewe na haisafirishwi. Nyingine ya safari, iliyochongwa na mafundi walewale kwa mti uleule, bila ibada ileile. Kinyago cha plastiki au cha nyuzi za kioo kitakuwa chepesi ndani ya sanduku la ndege, lakini hubadilisha sauti, hutoa jasho, na anayekivaa anajua amevaa nini. Kuhusu manyoya ya kijani, kwezali mwenye manyoya hayo ni ndege wa taifa lenu na analindwa dhidi ya biashara ya kimataifa. Manyoya ya kuku yaliyotiwa rangi hayamvunjii mama wa manyoya heshima hata kidogo.

Halafu kuna maandishi. Ngoma za aina hii zilipigwa marufuku mara nyingi enzi za ukoloni, kwa sababu mapadri waliona, na waliona sawasawa, kwamba kafara inayochezwa bado inakumbukwa. Rabinal yenyewe ilianzishwa kama mji na watawa Wadominiko wa Bartolomé de las Casas mwishoni mwa miaka ya 1530. Mchezo ukajificha chini ya sikukuu ya Mtakatifu Paulo, msimamizi wa mji, na mpaka leo hutolewa katika sikukuu hiyo inayofikia kilele 25 Januari. Mwaka 1850 mzee Bartolo Sis aliuweka kwenye karatasi ili usipotee. Padri Mfaransa Charles Étienne Brasseur de Bourbourg, aliyekuwa paroko wa Rabinal miaka ya 1850, akauchapisha Paris mwaka 1862 pamoja na tafsiri ya Kifaransa na noti za muziki. Mwaka 1913 ukanakiliwa tena kwa mkono huko huko Rabinal, na nakala hiyo ilipita katika mikono ya walinzi wa ngoma, akiwemo Esteban Xolop na baada yake mkwewe José León Coloch, aliyeiongoza kwa miongo mingi.

Angalieni mnyororo huo ulivyo mwembamba. Karne nzima, na kila pete ni mtu mmoja au familia moja. Dunia kwa muda mrefu ilisoma toleo la 1862, wachezaji wanaishi na nakala ya 1913, na vinywa vyao vina matamshi ambayo hayamo katika lolote kati ya hayo mawili, kwa kuwa waandishi wa zamani hawakuwa na herufi thabiti za sauti za kooni za Kiachi. Na katika lugha hii sauti hizo hubeba maana. Ukiiacha moja unaweza kusoma neno jingine kabisa. Tunaomba toleo moja la kazi: nakala ya 1913 upande mmoja, tahajia ya sasa ya Chuo cha Lugha za Kimaya cha Guatemala upande wa pili, Kihispania chini. Lichapwe kwa herufi kubwa zinazosomeka usiku kwa taa ndogo, maana mazoezi ni ya usiku baada ya shamba. Pamoja nalo, kila nafasi irekodiwe peke yake, maneno yote, bila kinyago kwanza kisha na kinyago. Rekodi hizo zikae Rabinal, na wanaozimiliki wawe wanaocheza. Nakala ya Paris iwe nakala.

Kila nafasi iwe na wanafunzi wawili, si mmoja. Kijana mmoja akienda kutafuta vibarua mbali na Rabinal, au akioa na kuhama, nafasi isiondoke naye. Walipwe siku za mazoezi kwa kiwango cha kibarua cha shamba, kwa sababu hicho ndicho wanachokosa wakija. Wala msiwape vyeti badala ya fedha.

Tunajua mtasema fedha ni kidogo na mahitaji ni mengi. Kwa Rabinal hoja hiyo haitoshi, na sababu ni historia ya karibuni. Katika vita vya ndani, 15 Septemba 1981, sikukuu ya uhuru wenu, watu waliuawa mjini Rabinal mchana kweupe. Tarehe 13 Machi 1982 wanawake 70 na watoto 107 wa Río Negro waliuawa juu ya mlima, kijiji chao kikiwa kwenye eneo la bwawa la Chixoy. Tarehe 18 Julai mwaka huo huo ilikuwa zamu ya kijiji cha Plan de Sánchez. Tume ya ukweli ilisema mwaka 1999 kwamba katika eneo hili dola ilitenda mauaji ya kimbari dhidi ya Waachi. Wazee waliouawa walikuwa pia vitabu.

Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, katika hukumu ya fidia ya Plan de Sánchez mwaka 2004, iliiagiza Guatemala igharimie uchunguzi na uenezaji wa utamaduni wa Waachi katika jamii zilizoathirika. Katika hukumu ya Río Negro, mwaka 2012, iliagiza programu ya kuuokoa utamaduni huo. Kwa hiyo Wizara, mnapoipa Rabinal Achí fedha hamtoi msaada, mnalipa deni lililothibitishwa mahakamani. Tunaomba mchapishe hadharani, kwa Kihispania na kwa Kiachi, ni nini kimefanyika chini ya kila agizo, kwa kiasi gani, na mikononi mwa nani.

Kwenu Paris, neno moja. Mliitangaza Rabinal Achí kuwa kazi bora ya urithi mwaka 2005, mwaka mmoja na nguo za magome ya miti za Buganda, na mwaka 2008 mkaiingiza katika Orodha Wakilishi ya urithi huo usioshikika. Orodha ni ngao, lakini tumeona pia inavyoweza kugeuka hatamu. Ngoma za kifalme za Burundi ziliorodheshwa mwaka 2014. Mwaka 2017 amri ya rais ikaweka upigaji wake chini ya ruhusa ya wizara na kuwazuia wanawake kupiga. Tunaomba ripoti za Guatemala zisomwe kwa swali hili: nani aliamua siku, mahali na urefu wa onyesho? Kama jibu ni ofisi, kuna kitu kimeharibika, hata picha zikiwa nzuri.

Mwisho ni kalenda. Fedha zinazofika Januari hazisaidii kitu, kwa kuwa ruhusa za milimani, mazoezi na ukarabati wa vinyago vinapaswa kuwa vimekwisha kabla ya wiki ya sikukuu. Zifike Oktoba, zipitie kofradia na kundi la ngoma, na manispaa ibaki na kazi ya kuzuia magari, kuwasha taa na kuzima spika za vibanda vya biashara wakati tun inapigwa.

Tunaomba jibu la maandishi, na tunaliomba kwa desturi ya Rabinal: rudieni kwanza tulichosema, kisha mseme lenu.

Wenu katika kazi,

Waandishi na walimu wa sanaa za maonyesho, kwa Kiswahili